Gongo la Hoki ya Barafuni: Jinsi ya Kuchagua Linaloendana na Shuti Lako na Mfuko Wako

Kila msimu unapoanza maswali ni yale yale. "Ninunue fleksi ngapi?" "Mimi natumia mkono wa kulia, mbona muuzaji amenipa gongo la kushoto?" "Hili la dola 350 litanipa shuti kali kuliko lile la dola 90?" Wanaouliza ni wazazi wa Minnesota na Toronto ambao watoto wao wameingia timu ya mtaa, na ni vijana wa Nairobi wanaojifunzia kwenye uwanja mdogo wa barafu wa hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa.

Karibu maswali yote hayo yana mzizi mmoja. Gongo la hoki ya barafuni ni upinde. Upinde usioweza kuuvuta haurushi mshale, hata uwe wa bei gani. Wengi wanaoanza hununua gongo refu kuliko kimo chao na gumu kuliko uzito wao, halafu wanadhani mikono yao ndiyo mibovu.

Mwongozo huu ni wa mabeki na washambuliaji. Gongo la kipa ni jingine kabisa, lina vipimo vyake. Na kama umetoka kwenye hoki ya nyasi, usije na gongo lako la zamani: lile lina upande mmoja tu bapa, yote hutengenezwa ya mkono wa kulia, na urefu wake unaishia karibu na nyonga. Barafuni halikusaidii kitu.

Maneno ya kujua kabla hujaingia dukani

Mpini ni ule mti mrefu unaoshika. Bapa ni kipande cha chini kinachogusa paki, kile kisahani cheusi cha raba chenye kipenyo cha inchi 3 na uzito wa gramu 156 hadi 170. Bapa lina kisigino (linapoungana na mpini) na ncha (mwisho wake wa mbele). Fleksi ni ugumu wa mpini. Kipindo ni mahali mpini unapopinda zaidi unapoukandamiza. Lai ni pembe kati ya bapa na mpini. Mkunjo ni kule kupinda kwa bapa lenyewe. Basi, hayo yanatosha.

Vitu vya kuwa navyo

- Uzito wako wa sasa kwa kilo. Uzito wa leo, si wa mwaka juzi.
- Viatu vyako vya barafu. Vibebe hadi dukani. Kimo chako kinabadilika ukivivaa.
- Futi ya kupimia na kipande cha tepu cha kuwekea alama.
- Bajeti iliyogawanywa: tenga angalau dola 15 hadi 20 za Marekani kwa ajili ya tepu na kizibo cha juu cha mpini.
- Gongo lako la zamani, kama unalo. Usilifute wala kulibadilisha tepu; ile tepu chakavu ina habari tutakazozisoma kwenye hatua ya 5.
- Kwa kukata: msumeno wa chuma wenye meno madogo, msasa, tepu ya karatasi na barakoa.

Hatua ya 1: Amua upande

Gongo "la kushoto" ni lile ambalo mkono wa kushoto unakaa chini, karibu na katikati ya mpini. "La kulia" ni kinyume chake. Hapa ndipo watu hujichanganya, kwa sababu hawazoei kufikiri kwamba mkono wa juu ndio unaoliongoza gongo. Unapokimbia na paki au unapojinyoosha kuipokonya, unabaki na mkono mmoja tu juu ya mpini, ule wa juu. Ndiyo maana Wakanada wengi wanaoandikia mkono wa kulia wanacheza na gongo la kushoto.

Namna ya kujijua: laza gongo sakafuni mbele yako, liokote kwa haraka bila kufikiri, kisha fanya kama unafagia. Rudia mara tatu. Mkono uliokwenda chini mara zote tatu ndio upande wako. Kwa mtoto mdogo, usimlazimishe. Mpe gongo lisilo na mkunjo umwangalie kwa siku chache.

*Kosa la kuepuka:* kununua gongo la upande mwingine kwa sababu limeshushwa bei. Mkunjo wa bapa utakuwa umeelekea kinyume na utaitupa paki pembeni kila unapopiga.

Hatua ya 2: Pima urefu

Simama wima, weka ncha ya bapa sakafuni, mpini ukiwa umesimama sambamba na mwili wako. Ukiwa umevaa viatu vya kawaida, mpini ufike puani. Ukiwa umevaa viatu vya barafu, ufike kidevuni. Anzia hapo.

Ukiwa beki, unaweza kuongeza inchi moja au mbili ili ufikie paki mbali. Ukipenda kuchezea paki karibu na miguu na kupiga chenga, punguza inchi moja au mbili. Usipite hapo kabla hujacheza angalau miezi kadhaa.

Magongo huuzwa kwa madaraja manne: yuthi kwa watoto wadogo, junia, intamidieti na sinia. Gongo la sinia kwa kawaida lina urefu wa karibu inchi 60, sawa na sentimita 152. Mtu mzima mfupi au mwembamba hana haja ya kuona haya kununua la intamidieti. Mpini wake ni mwembamba kidogo, fleksi yake iko kati ya 55 na 70, na bei yake huwa nafuu kuliko ndugu yake wa sinia. Kwa wanawake wengi na vijana wa kilo 50 hadi 63, hilo ndilo gongo sahihi.

NHL, ligi kuu ya kulipwa ya Amerika Kaskazini, inaruhusu mpini usiozidi inchi 63, isipokuwa kwa ruhusa maalumu kwa wachezaji warefu sana. Kama unafikiri unahitaji gongo refu kuliko hapo, hukupima vizuri.

Hatua ya 3: Chagua fleksi

Tumia muda wako mwingi hapa. Namba ya fleksi iliyoandikwa kwenye mpini inakwambia ni paundi ngapi za nguvu zinazohitajika kuupinda mpini kwa inchi moja. Fleksi ya 85 inataka paundi 85, yaani kilo 38 na ushee. Namba kubwa, mpini mgumu. Namba ndogo, mpini laini.

Kanuni ya kuanzia: chukua uzito wako kwa kilo, zidisha kwa 1.1. (Wenye kupima kwa paundi hugawanya uzito kwa mbili; ni hesabu ile ile.) Kwa hiyo:

- kilo 50: fleksi 55
- kilo 60: fleksi 65
- kilo 70: fleksi 75 au 77
- kilo 80: fleksi 85 au 87
- kilo 90: fleksi 95 au 100

Sasa irekebishe. Kama unaanza, toa 5 hadi 10. Hujajua bado kuliegemea gongo kwa uzito wako wote, na mpini laini utakuonyesha namna unavyopinda na kuachia. Kama unapiga sana slepu (lile shuti la kuinua gongo nyuma kwanza), ongeza 5. Kama mashuti yako mengi ni ya mikono tu ukiwa karibu na goli, usiongeze kitu.

Hiyo ni kanuni ya kuanzia tu, wala wachezaji wakubwa hawaifuati kwa lazima. Alexander Ovechkin, mwenye mabao mengi kuliko wote katika historia ya NHL, ana uzito unaozidi kilo 100, na bado amecheza na magongo ya fleksi inayokaribia 80. Upande wa pili yuko Zdeno Chara, beki wa sentimita 206: alipopiga shuti la maili 108.8 kwa saa, karibu kilomita 175, kwenye mashindano ya ustadi ya NHL mwaka 2012, gongo lake lilikuwa gumu kuliko yale unayoyakuta dukani. Chara alikuwa na mwili wa kulipinda. Wewe angalia mwili wako.

Kuna jambo moja linalowatoka wengi: kukata mpini kunaongeza ugumu. Upinde mfupi ni mgumu kuvutika. Kila inchi unayoikata huongeza takriban pointi 2 hadi 4. Ukinunua fleksi 85 ukakata inchi 4, huna tena gongo la 85. Umeshika kitu kinachokaribia 95 au 100. Watengenezaji wengi huchapa vistari karibu na kilele cha mpini vinavyoonyesha fleksi mpya ukikatia hapo. Visome kabla hujalipa. Ukijua utakata inchi 3, nunua fleksi ya chini zaidi ili baada ya kukata ufike unapotaka.

*Kosa la kuepuka:* kumnunulia mtoto gongo la sinia "akue nalo", halafu kulikata mpaka limfikie kidevuni. Anabaki na fimbo isiyopinda. Anajifunza kusukuma paki kwa mikono badala ya kuipiga kwa mwili, na tabia hiyo huchukua muda mrefu kuondoka.

Hatua ya 4: Lijue shuti lako, kisha chagua kipindo

Jiulize mashuti yako mengi unayapiga vipi na ukiwa wapi.

*Shuti la risti.* Paki inaanzia nyuma, karibu na kisigino cha bapa. Unaivuta mbele huku ukikandamiza mpini, inateleza kuelekea ncha, unakunja vifundo vya mikono na kuiachia. Ni shuti la kwanza kujifunza, na ndilo linalofunga mabao mengi ya wachezaji wa mtaani.

*Shuti la snepi.* Ni la ghafla. Hakuna kuvuta kirefu. Unakandamiza mara moja na kuachia kabla kipa hajakaa sawa.

*Shuti la slepu.* Unainua gongo nyuma na kulishusha kwa nguvu. Bapa linagusa barafu inchi moja au mbili nyuma ya paki, mpini unapinda dhidi ya barafu, kisha unafyatuka. Anayelenga paki yenyewe moja kwa moja anapoteza nguvu yote, kwa sababu mpini haukupata nafasi ya kupinda.

Kipindo kinaendana na hayo:

Kipindo cha chini, karibu na bapa, hujipakia kwa haraka na kuachia kwa haraka. Ni cha snepi na risti ya karibu, ni cha mshambuliaji anayepigia kwenye msongamano. Bauer Vapor na Warrior Covert ni mifano.

Kipindo cha kati kinataka muda na uzito zaidi lakini kinarudisha nguvu nyingi. Ni cha slepu, cha kupiga pasi moja kwa moja bila kutuliza, cha beki anayepigia mbali. Bauer Supreme iko upande huu.

Kipindo mseto hujaribu kubeba vyote viwili, kama CCM Jetspeed. Kama hujui bado wewe ni mpigaji wa aina gani, chukua mseto au cha chini na uendelee na maisha. Kusema kweli, kwa mtu wa msimu wa kwanza, kipindo hakina uzito kama fleksi. Gongo lenye fleksi sahihi na kipindo kisicho chako litakupa shuti. Lenye kipindo chako na fleksi isiyo yako halitakupa.

Hatua ya 5: Chagua mkunjo wa bapa na lai

Mikunjo ina namba za kutatanisha, na kila kampuni ina zake. Tatu zinatosha kuanzia:

- P92 (kwa CCM tafuta P29, kwa Warrior W03): mkunjo uko kati ya katikati na ncha, uso umefunguka kidogo (umeelekea juu). Paki inapanda kwa urahisi. Ndio unaopatikana karibu kila duka.
- P88: mkunjo wa katikati, uso umefunguka kidogo tu. Pasi zinatulia, shuti linakwenda chini na moja kwa moja, bekhendi (kupiga kwa mgongo wa bapa) haikusumbui.
- P28: mkunjo mkali wa nchani. Unaachia kwa ncha, paki inapaa upesi. Mtamu kwa anayejua, ila anayeanza atapiga juu ya goli wiki nzima na bekhendi zake zitamteleza.

Anza na P88 au P92. Anayependa bekhendi na pasi za pande zote mbili achukue mkunjo mdogo. Sidney Crosby, nyota wa NHL aliyeingia barafuni pamoja na Ice Lions, timu ya hoki ya barafuni ya Kenya, walipoalikwa Canada mwaka 2018, anajulikana kwa bapa lililokaribia kunyooka, na bekhendi yake ni miongoni mwa zinazoogopwa zaidi na makipa. NHL inaweka kikomo cha mkunjo kuwa robo tatu ya inchi. Bapa la kawaida la dukani huwa ndani ya kikomo hicho.

Sasa lai. Mengi ya dukani ni 5 au 6. Namba kubwa ina maana mpini unasimama zaidi. Namba ndogo, mpini unalala zaidi. Hapa ndipo lile gongo lako la zamani linapohitajika. Ligeuze, tazama tepu ya chini ya bapa, pale panapogusa barafu:

Imelika katikati, sawasawa kushoto na kulia? Lai yako ni nzuri, nunua ile ile.

Imelika kisiginoni huku nchani bado ni nyeusi na nzima? Ncha inaelea hewani unapocheza. Gongo ni refu mno, au unahitaji lai ndogo zaidi. Jaribu kwanza kukata nusu inchi.

Imelika nchani, kisigino kizima? Kisigino kinaelea. Ama gongo ni fupi, ama unasimama wima bila kukunja magoti, ama unahitaji lai kubwa zaidi. Kwa wanaoanza, mara nyingi ni magoti.

Bapa lisilolala vizuri lina madhara mawili unayoyahisi bila kujua chanzo: pasi zinapita chini ya ile sehemu inayoelea, na shuti linazunguka hovyo kwa sababu paki imeguswa na upande mmoja tu.

Hatua ya 6: Panga fedha zako

Bei hizi ni za Amerika Kaskazini kwa dola za Marekani, gongo la sinia, na hupanda kidogo kila mwaka.

Chini ya dola 45 ni la mbao. Ni zito, mara nyingi linapita gramu 600, na likinyonya maji linalegea. Lakini linavumilia lami kuliko kaboni. Kama unafanyia mazoezi kwenye maegesho ya magari na viatu vya magurudumu, lami inalisaga bapa la kaboni ndani ya wiki chache; tumia la mbao au lenye bapa la plastiki ngumu, na hili la kaboni liweke kwa ajili ya barafu.

Dola 50 hadi 100 unapata kaboni iliyochanganywa na fibaglasi. Ni zito kidogo, lakini halivunjiki ovyo. Mtu wa msimu wa kwanza au wa pili hana sababu ya kupita hapa.

Dola 120 hadi 200 ndipo pesa yako inapofanya kazi zaidi. Ukiwa unacheza mara mbili kwa wiki na shuti lako limeshatulia, nunua hapa.

Dola 300 kwenda juu ni magongo ya gramu 400 hivi au chini yake. Wepesi unauhisi mikononi, bapa lina mguso safi. Shuti lako halipati nguvu ambayo mwili wako hauna. Na mpini huo mwembamba wa kaboni ukichapwa na gongo la mpinzani unaweza kupasuka kama ule wa bei ya chini, tena mapema zaidi.

Ukiwa na dola 300, ni heri magongo mawili ya 150 yanayofanana kabisa: fleksi, mkunjo na urefu. Moja likivunjika kipindi cha pili, unachukua la pili na mikono yako haishtuki.

Njia za kupunguza gharama: modeli mpya zikitoka, za mwaka uliotangulia hushuka bei sana ingawa tofauti ni ndogo. Yapo pia magongo yaliyotengenezwa kwa ajili ya wachezaji wa kulipwa yakabaki, yanauzwa kwa bei nafuu. Ila rangi na jina la nje huenda visilingane na kilichomo ndani, na fleksi nyingi ni ngumu. Soma namba, usisome rangi.

Unayenunua ukiwa Afrika Mashariki, au unayemnunulia ndugu wa huko, kumbuka sentimita 152 haziingii kwenye sanduku la kawaida. Uliza shirika la ndege kuhusu vifaa vya michezo kabla ya kulipa, na usilikate ili liingie mzigoni. Kama maduka yako mbali, fikiria mpini na bapa vinavyouzwa vikiwa vimetenganishwa: bapa likiisha unaagiza bapa peke yake. Ni vizito kidogo, lakini mzigo unakuwa mwepesi kusafirisha.

Hatua ya 7: Lijaribu kabla hujalipa

Omba ruhusa ya muuzaji, na ufanyie juu ya zulia au mkeka wa raba.

1. Mkono wa juu kwenye kilele, mkono wa chini katikati ya mpini, bapa limelala sakafuni kama utapiga shuti.
2. Egemea kwa mkono wa chini, polepole, kwa nguvu unayotumia kwenye shuti la kawaida. Usisimame juu ya gongo.
3. Mwombe mwenzako atazame kwa pembeni. Mpini unapinda inchi moja au zaidi bila wewe kukaza meno? Ni lako. Haujasogea? Shuka pointi 10, ujaribu tena. Umekunjika kama ufito wa mwanzi? Panda.
4. Linyanyue uangalie kwa jicho moja kuanzia kilele hadi kisigino. Mpini uwe umenyooka.
5. Pitisha kidole pale mpini unapoungana na bapa, ukitafuta ufa au rangi iliyobanduka.

Likiwa lililotumika, liguse sakafuni kwa ncha na usikilize. Gongo zima hutoa sauti kali na fupi. Sauti butu au ya kucheza-cheza ina maana tabaka za ndani zimeachana. Bonyeza ncha kwa vidole viwili pia, ikibonyea, liache.

Hatua ya 8: Kata na ufunge tepu

Vaa viatu vya barafu, weka alama kidevuni. Zungushia tepu ya karatasi juu ya alama ili nyuzi za kaboni zisichanike. Vaa barakoa, toka nje, kata kwa msumeno wa chuma bila kukandamiza. Kata nusu inchi kwa mara ya kwanza, cheza, kisha uamue kama unahitaji tena. Kipande kilichotoka hakirudi. Piga msasa kingo, weka kizibo kwa gundi ya moto.

Kwenye kilele zungusha tepu mara 6 hadi 10 mahali pamoja upate kifundo cha kuzuia mkono usichomoke, kisha teremka inchi 5 au 6. Kwenye bapa, anza kisiginoni uende nchani, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, bila mikunjo. Paka nta juu yake, theluji haitaganda.

Likikusumbua

*Paki haipandi kutoka barafuni.* Kabla ya kulaumu mkunjo, angalia fleksi. Mpini usiopinda hauinui paki. Angalia pia kama unamaliza shuti ncha ikiwa imeelekea unakolenga.

*Kila shuti linapita juu ya goli.* Uso wa bapa umefunguka mno kwako. Maliza shuti gongo likiwa chini, chini ya kiuno. Ikishindikana baada ya wiki mbili, rudi P88.

*Paki inachelewa kutoka na inakwenda pembeni, hasa kwenye slepu.* Mpini ni laini kwako. Ongeza pointi 5 hadi 10 ununuapo lijalo, au kata nusu inchi ya hili.

*Kilele kinakugonga tumboni ukipiga chenga.* Ni refu. Kata nusu inchi.

*Mgongo unauma baada ya mazoezi.* Huenda ni fupi, unainama kiunoni badala ya kukunja magoti. Kipo kiongezo cha mbao kinachochomekwa juu. Kitalainisha fleksi kidogo pia.

*Glavu inanasa, mkono wa chini hauteremki.* Magongo mengi hupakwa gripu inayonata. Sugua sehemu ya katikati kwa msasa laini sana, kidogo kidogo, au mara nyingine nunua lisilo na gripu.

*Bapa linageuka ukipokea pasi kali.* Bapa jipya lisigeuke. La zamani likifanya hivyo, nyuzi zimechoka ndani na hakuna tepu itakayolitibu. Usiliache ndani ya gari juani pia, joto linalegeza gundi.

*Limevunjika katikati ya mchezo.* Liachie hapo hapo. Kuendelea kucheza na gongo lililovunjika ni adhabu. Baada ya mchezo, usitupe vipande: magongo mengi ya kaboni yana dhamana, mara nyingi ya siku 30 tangu siku ya kununua, na watataka picha ya palipovunjika, namba iliyo kwenye mpini na risiti. Piga picha ya risiti siku ile ile unayonunua, kwa sababu karatasi yake hufifia haraka.